Benchi la Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya hakuingia mahali popote bila kwanza kusimama mlangoni na kusikiliza. Iwe kanisani, iwe msibani, iwe dukani kwa mtu, alisimama, akaweka kiganja nyuma ya sikio la kulia, akatulia. Wenye nyumba walidhani anangoja kukaribishwa, wakamkaribisha mara ya pili na ya tatu, naye bado kasimama. Alikuwa anatafuta sauti ya chumba. Alisema kila chumba kina sauti yake, na mtu anayeingia na kuanza kuongea kabla ya kuijua anakuwa amemkatiza mwenye nyumba.

Tunduma, alikokuja mara chache, tabia hiyo ilimletea matusi. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Injini zinanguruma, honi zinalia, utingo mmoja anamfokea kutoka dirishani, yeye kanyoosha kidole.

"Hilo jekundu linaimba noti ya fa," aliniambia, hata kabla ya salamu. "Na la nyuma yake linataka kuimba fa, lakini limechoka."

Nilimshika mkono wa koti nikamvusha. Koti hilo nalo lilikuwa kituko. Lilikuwa la sufu, la kijivu, linalofaa kwetu juu Mbozi ambako asubuhi ukungu unalala kwenye kahawa. Lakini alilivaa Tunduma kwenye jua na vumbi, na alishuka nalo hata Msangano, kwenye joto linalowavua watu mashati, alipokwenda kuifundisha kwaya ya huko. Alirudi nalo vifungo vyote vimefungwa. Alisema kifua cha mwimbaji hakijui habari za jua.

Nieleze mimi ni nani, maana bila mimi habari hii haina mashine. Tumetoka kijiji kimoja, juu ya Vwawa. Nikiwa kijana nilivuka Nakonde na begi moja na viatu vilivyotoboka, nikafika Lusaka. Huko nilianza kwa kufagia duka la kompyuta, nikaondoka nikiwa fundi wake mkuu. Kati ya ufagio na ufundi nilisoma masomo ya jioni, bila mjomba wa kunishika mkono wala mfadhili, mpaka nikapata stashahada ya ufundi wa kompyuta. Imetundikwa dukani kwangu Tunduma mahali ambapo mteja hawezi kukosa kuiona. Duka langu lilikuwa la kwanza mtaa ule kuwa na mlango wa kioo. Sasa iko mingi. Wameniiga.

Kabla ya hayo yote nilikuwa sauti ya tatu. Kwaya yetu ilikuwa na sauti nne: ya kwanza na ya pili za akina mama, ya tatu yetu sisi wanaume wenye sauti ya juu, ya nne ya wenye besi. Mwalimu hakuwaita watu kwa majina. Aliwaita kwa sauti zao, kwayani, shambani, hata kwenye mstari wa kuchota maji. Mimi nilikuwa Wa Tatu. Nimetoka Lusaka na gari, tumbo na mvi za kwanza, bado nikawa Wa Tatu.

Kufundisha kwake kulikuwa kwa masimango. "Wewe wa nne, umemeza kiazi kizima? Kiteme, kisha uimbe." "Akina mama wa kwanza, hapo mnapanda ngazi, mbona mnapanda kama mnafukuzwa na nyuki?" Mtu mzima mwenye wajukuu alisimamishwa peke yake akarudia mstari mmoja mpaka shati likaloa. Lakini mazoezi yakiisha, aliyesimangwa kuliko wote ndiye aliyeondoka na ndizi mbivu kutoka shambani kwa Mwalimu, tena bila maelezo.

Hakusifu. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu ameimba vizuri. Wimbo ukikaa sawasawa, kila sauti mahali pake, alisema neno moja tu: "Tena." Ukiimba vibaya alikusimanga, ukiimba vizuri alitaka kukusikia tena. Sisi tulilijua neno hilo, na wapo waliolisubiri mwaka mzima.

Kisha kulikuwa na mambo ya mabenchi.

Kila mwimbaji alikuwa na mahali pake kwenye benchi, na mtu akihama au akifariki, Mwalimu hakuruhusu wenzake wasogee kuziba pengo. Mlikaa vilevile, mmoja huku, mmoja kule, na katikati mbao tupu. Mgeni akijiunga alikaa mwisho wa benchi, si katika nafasi ya mtu. Mchungaji mmoja aliyehamishiwa kwetu hakuipenda hali hiyo.

"Mwalimu, kwaya yako ina mapengo kama mdomo wa babu. Wasogeze kidogo."

"Wenyewe wakirudi watakaa wapi?"

"Lakini huyu wa hapa si tulimzika mwezi uliopita?"

Mwalimu aliitazama ile nafasi. "Nimezoea kumsikia akiwa hapo," alisema, akatoa sauti ya kuanzia, tukaimba.

Mapengo yaliongezeka. Besi wawili waliteremka Galula kutafuta dhahabu. Mmoja alionekana baadaye Mkwajuni akiendesha bodaboda, mwingine hakuonekana tena. Dada mmoja wa sauti ya pili aliolewa Nakonde. Wengine walihamia makanisa mapya yenye spika kubwa. Wengine tuliwazika. Mimi nilikwenda zangu Lusaka kutafuta maisha, na niliyapata. Mwishowe mbao tupu zikawa nyingi kuliko watu, na Mwalimu akaendelea kuwaongoza wote. Mkono wake ulikwenda kwenye nafasi isiyo na mtu, kidole kikamwita asiyekuwepo aingie, kisha kikamshusha.

Mkewe alikuwa sauti ya kwanza, mwisho wa benchi la mbele, karibu na dirisha. Alifariki mimi nikiwa ng'ambo. Nilipata habari kwa simu. Waliokuwepo waliniambia kwamba Jumapili iliyofuata Mwalimu alisimama mbele ya kwaya kama kawaida, akatoa sauti, akageukia dirisha, akangoja. Kwaya haikujua ianze au isianze. Alingoja mpaka watoto wakaanza kugeuka nyuma kuwatazama mama zao. Kisha akashusha mkono, akasema wataimba wimbo mwingine.

Watoto wake wako Kitwe na kwingineko huko, wanafanya kazi nzuri. Walimpigia simu mara kwa mara, naye alizikata mapema. Nilimuuliza sababu. "Simu inakula sauti ya nne," alisema. "Wanangu wanaume wote wanasikika kama akina mama. Nikimaliza kuongea nao najisikia nimeongea na watu wengine."

Na kama kuna jambo alilolichukia kuliko simu, ni kinanda cha umeme. Vijana walichanga wakakileta kanisani, kimefungwa nailoni bado. Mwalimu alikivumilia ubeti mmoja. Ubeti wa pili alishuka, akachomoa waya ukutani, akarudi mahali pake. "Umeme unalegeza koo," aliwaambia. Vijana waliondoka na kinanda chao wakaanzisha kundi lao, na hilo nalo likawa benchi zima tupu.

Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja dukani kwangu kununua laptopu.

Alisimama mlangoni, kiganja nyuma ya sikio. Ndani nilikuwa na mteja, mama mfanyabiashara kutoka upande wa Zambia aliyekuja kuchukua mashine ya mwanawe.

"Mulishani, ba mudala!" mama alimwita, kwa heshima wanayompa mzee kule kwao. "Ingieni basi, mbona mnasimama kama askari?"

"Bwino, mama. Nasikiliza friji."

"Friji iko wapi humu?"

Dukani kwangu hakuna friji. Ilikuwa ya duka la soda, upande wa pili wa ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, Wa Tatu. Nataka mashine ya kuwaweka watu."

"Watu gani?"

"Kwaya. Yote."

Akakaa, akafungua kifungo kimoja cha koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akanieleza. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza tangu masika. Hospitali kubwa ya Mbeya walimtazama kooni wakakuta uvimbe. Walisema lazima utolewe, na wakampangia aende mavuno ya kahawa yakiisha. Kuhusu sauti, daktari hakuahidi chochote. Kwa hiyo alikuwa na muda wa kuchuma kahawa, basi. Katika muda huo alitaka kurekodi wimbo mmoja wa Kinyiha aliotufundisha sote, na alitaka kila mwimbaji wa zamani awe na mstari wake.

"Lakini wako wapi, Mwalimu?"

Akagusa koo lake. "Wako hapa."

Kisha, palepale mbele ya mama wa watu, akaimba kidogo kama yule besi wa Galula, aliyeburuta kila neno kama gunia. Akaimba kama mama mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa akiingia nusu pumzi kabla ya wenzake. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza, kwa sababu walikuwa ni wao kabisa. Mama wa Zambia, asiyewajua, hakucheka. Alisema tu, "Ba mudala, mko wangapi humo ndani?"

Nikaingia kazini. Kuchagua laptopu ni kazi ya kichwa, na wengi wanaouza Tunduma hawana kichwa hicho, wanakuuzia rangi. Mimi humuuliza mtu kwanza anataka kufanya nini. Nilipanga mashine tatu juu ya meza, nikamweleza hivi:

"Mwalimu, prosesa ni wewe. Ndiyo inayoonyesha nani aingie, lini, kwa kasi gani. RAM ni benchi; hapo wanakaa wale wanaoimba sasa hivi. Diski ni majumbani kwao; huko wanalala wote, lakini hawasikiki mpaka wafike kwenye benchi. Benchi likiwa fupi, wengine wanabaki nje, wanaingia kwa kupishana, na wimbo unakatikakatika."

Nilisomeshwa haya kwa Kiingereza kigumu, kwa michoro ya kutosha kujaza ukuta, na sijawahi kumsikia mtu akiyaeleza vizuri kuliko nilivyoyaeleza siku ile. Mwalimu aliitikia kwa kichwa taratibu. Alielewa. Alielewa kupita nilivyotaka.

Mashine ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba kama sahani, na prosesa yenye nguvu. RAM yake ilikuwa GB nane, imechomelewa kwenye bodi, haitoki wala haiongezwi. Mimi niliipenda hiyo. Nikafungua programu nzito kumwonyesha inavyopaa, na feni yake nayo ikapaa. Mwalimu akainama, akaiwekea sikio.

"Huyu anahema."

"Ni feni, Mwalimu. Prosesa yenye nguvu inapata joto, feni inaipoza."

"Na mimi nikiimba, yeye atakuwa anafanya nini?"

Nikaisogeza mashine karibu naye.

"Anaimba noti ya la," akasema, "na la yenyewe imeshuka. Atakuwa nyuma ya kila mtu wangu, anahema."

"Chukueni hiyo hiyo, ba mudala," mama akaingilia. "Tazameni inavyong'aa!"

"Mama, siendi nayo harusini."

Ya pili ilikuwa ya mtumba, kioo kikubwa, diski ya zamani ya kuzunguka. Hiyo aliikataa kabla sijasema neno. "Huyu anagonga kidole mezani," alisema, na kweli diski ilikuwa inagonga.

Ya tatu ilikuwa nene, nzito, haina umbo la kumvutia mtu. Prosesa yake ilikuwa ya kawaida, isiyotumia umeme mwingi, na kwa hiyo feni yake ilikuwa inalala. Aliisikiliza muda mrefu. Akafumba macho. "Huyu ananyamaza," akasema. "Huyu anajua kukaa kanisani."

Nikaigeuza, nikafungua mfuniko wa chini ili aone kwamba RAM yake inaongezeka. Kulikuwa na sehemu mbili za kupachika. Moja ilikuwa na kijiti cha GB nne. Ya pili ilikuwa tupu.

"Hili ndilo benchi?"

"Ndilo."

"Na hapa hayupo mtu."

"Hapo naweka kijiti kingine cha GB nne, pacha wa huyu. Vikiwa viwili mashine inachota kwa mikono miwili. Hii prosesa si ya mbio, Mwalimu, kwa hiyo lazima tuisaidie kwenye RAM."

Nilikuwa nimeshakitoa kijiti kwenye kasha, nimekishika kwa kingo kama inavyotakiwa. Mwalimu aliweka mkono juu ya ile sehemu tupu.

"Acha hivyo."

"Itakwama."

"Acha nafasi."

"Mwalimu, hiki ni chuma na plastiki. Hakuna mtu aliyetoka hapo."

"Si wewe uliyesema ni benchi?"

Mama wa Zambia alipiga makofi. "Umeshikwa, Wa Tatu! Kwani ni wa tatu kuzaliwa?"

"Wa tatu kuimba," Mwalimu akamjibu. "Alikuwa mzuri. Aliondoka."

Ni mara ya pekee alipolitumia neno "mzuri" juu yangu, na alilitumia kwa wakati uliopita, tena kwa mgeni. Kosa, nikilipima kitaalamu, lilikuwa kwenye mfano wangu, ambao ulikuwa mzuri kupita kiasi. Ningeweza kumpachikia kijiti alipogeuka, asijue. Wengine wangefanya. Nilikirudisha kwenye kasha, kasha nikalitia kwenye mfuko wa begi langu la zana, nikafunga mfuniko wa mashine.

Wiki zilizofuata alikuja dukani kujifunza. Tulikaa chumba cha nyuma. Alijifunza haraka kuliko nilivyotarajia, isipokuwa alikuwa na tabia moja: kabla ya kubonyeza kurekodi, aliinua mkono hewani na kungoja, kama anavyongojea kwaya, na mara nyingine alibaki hivyo mpaka nikamkumbusha kwamba mashine haimwoni. Mchana tulikula pamoja wali wa mama ntilie. Kwa kawaida chumba kile nilikula peke yangu, na sikuwa nimegundua kijiko changu kinavyopiga kelele kwenye sahani.

Nilimpeleka pia kuiona nyumba yangu. Ina vyumba vinne, vigae sebuleni mpaka jikoni, madirisha ya alumini, geti linalofunguka kwa kusukumwa na kidole. Mke wangu alichagua kubaki Lusaka na kazi yake, na watoto wako shule huko, kwa hiyo vigae vinakaa safi. Mwalimu alisimama mlangoni, kiganja nyuma ya sikio. Alisimama muda mrefu sana.

"Hapa hapana mtu," alisema.

"Mimi si nipo, Mwalimu?"

"Hata wewe ukiwemo."

Nikamwonyesha vigae.

Alirudi kijijini na mashine yake na maiki niliyomchagulia, akaanza kuwaimba watu wake. Asubuhi alichuma kahawa, mchana alifunga madirisha na kurekodi. Nilimwekea programu ya kuongeza mwangwi, kwa sababu alitaka kila mmoja asikike kama yuko chini ya lile bati la kanisa letu la zamani. Mwangwi ni mzigo. Mwangwi juu ya kila mstari, na mistari imejaa kioo kizima, ni mzigo mzito sana. Nililijua hilo, nikangoja simu. Ikaja.

"Wa Tatu, mashine yako ina kigugumizi."

"Nilikwambia, Mwalimu. Benchi limejaa. Nije niweke kile kijiti?"

"Hapana."

"Basi tufanye hivi. Wachanganye wale uliowamaliza. Besi wote wawe mstari mmoja, wakishaungana mashine inapumua."

Kwenye simu nilisikia kuku wake.

"Nikishawachanganya," akasema, "nitamtoaje mmoja nikitaka kumsikia peke yake?"

"Hutaweza."

"Basi nitawaita kwa zamu."

Akawa anafungua mistari michache, anaizima, anafungua mingine. Alirekodi hivyo hadi mwisho wa mavuno, bila kuwasikia wote kwa pamoja hata mara moja. Ndicho alichokuwa anakitaka, kuisikia kwaya yote, na kwa ukaidi wa nafasi moja tupu alikikosa. Kisha akafunga mashine, akafunga vifungo vya koti, akapanda basi la Mbeya.

Nilikwenda kumwona aliporudi. Nilichagua Jumapili mchana, nikapanda na gari langu mpaka mlangoni kwake, ingawa njia ile si ya gari. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na kahawa ilikuwa imetoa maua meupe shamba zima. Mlango ulikuwa wazi. Sijui kwa nini nilisimama badala ya kubisha. Nilisimama pale nikasikiliza, mimi ambaye huingia popote nikiongea, na kitu pekee nilichosikia kilikuwa mtu mmoja anapumua, kwa shida kidogo, kwenye chumba chenye viti vingi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aliinua mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba. Shingoni alikuwa na skafu, na koti lilikuwa juu yake, limekuwa kubwa. Uvimbe ulikuwa umetoka, na sauti ilikuwa imeondoka nao. Alichobakiwa nacho ni pumzi, na ilibidi nisogeze kiti ili nisikie maneno yaliyokuwa ndani yake.

Laptopu ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa cha kufunikia chakula. Aliifungua. Mistari ilikuwa imepangwa kama mabenchi: ya kwanza juu, ya nne chini, na kila mstari una michirizi ya sauti ya mtu. Isipokuwa mmoja. Katikati ya sauti ya tatu kulikuwa na mstari ulionyooka, mtupu, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Akaninyooshea kidole.

"Mwalimu, ungeniimba tu kama ulivyowaimba wengine."

Alinisogelea. "Waliokufa nimewaimbia," alisema kwa pumzi. "Walio Galula nimewaimbia. Mke wangu nimemwimbia, vibaya. Wewe uko Tunduma tu."

Akazima mistari yote akaacha mmoja, wa juu kabisa, akabonyeza. Ilikuwa sauti ya mzee inayojaribu kuwa ya mwanamke, inapanda, inapasuka pale juu, inashuka, inajaribu tena. Aliusikiliza mpaka mwisho, uso umeelekea dirishani. Hapo nilielewa kwa nini alikataa kuwachanganya, na nikaelewa jioni zake zilivyokuwa zinakwenda.

Aliniwekea maiki mbele. Zamani alitoa sauti ya kuanzia yeye mwenyewe, kwa kuguna, sasa hakuweza. Akanifungulia mguno wake aliourekodi kabla ya Mbeya, akaniwekea spika ndogo masikioni, akainua mkono, akangoja.

Nilikuwa sijaimba tangu nilipovuka mpaka kwenda. Koo langu lilikuwa limezoea kutaja GB na dhamana. Mstari wa kwanza ulinikwaruza, wa pili ukakaa, na wa tatu, ule ambao sauti ya tatu inabaki peke yake wakati wengine wote wananyamaza kuisubiri, ulitoka. Ulitoka wenyewe, kama ulikuwa hapo muda wote. Nina haki ya kusema ulitoka vizuri.

Mwalimu akawasha wote, na mimi nikiwemo. Wakaanza. Wakafika pumzi ya tatu, wakakatika. Wakaanza, wakakatika. Mashine ilikuwa inafanya hasa nilichosema itafanya, na sikufurahi kuwa sahihi.

Aliizima. Akachomoa waya, akaigeuza chali juu ya kitambaa, akavuta droo, akaniwekea mbele bisibisi ndogo.

"Mwenyewe amekuja," alisema. "Weka."

Kile kijiti kilikuwa bado kwenye begi langu la zana, mfuko uleule. Nilifungua mfuniko, nikakipachika, kikalia kidogo kilipokaa. Nikafunga. Nikaiwasha mashine, na Mwalimu akabonyeza.

Waliimba. Besi wa Galula aliburuta maneno, mama wa sauti ya pili akawahi nusu pumzi, waliohamia kwenye spika kubwa walirudi, na pale juu dirishani yule mmoja alipanda na kupasuka. Kilikuwa kijiji kizima kilichotoka kwenye koo moja, na ndani yake sauti moja tu ya mtu mwingine, yangu. Ukisikiliza unaijua. Ndiyo pekee isiyokuwa yake. Mwalimu hakuweka kiganja sikioni. Alisimama, akawaongoza, kidole kikiwaita mmoja mmoja mle sebuleni, kwenye kile kiti, kwenye kile, na sauti ya tatu ilipobaki peke yake kidole kilinielekea mimi niliyekuwa nimeketi kimya mbele yake.

Wimbo ukaisha. Feni haikusikika. Simu yangu ilianza kutetemeka kwenye meza, mteja bila shaka, niliilaza kifudifudi. Mwalimu alikuwa ananitazama. Midomo yake ilisogea, na safari hii sikuhitaji kusogeza kiti.

"Tena."

Nikasimama mbele ya maiki, na kabla ya kuvuta pumzi nikasogea kidogo, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kila upande.